Vinasaba vya Kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huletwa na wanafunzi wa baiolojia, maafisa mifugo, waandishi wa habari na, kila mvua zinapozidi, wafugaji wenyewe. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu. Mengine yanatosha sentensi mbili.

Ni kirusi gani hasa?

Ni kirusi cha RNA (vinasaba vyake ni RNA badala ya DNA) kinachoenezwa na mbu. Hushambulia zaidi kondoo, mbuzi, ng'ombe na ngamia, na binadamu hukipata kwa kuumwa na mbu au, mara nyingi zaidi, kwa kushika damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Kilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wanakondoo walipoanza kufa kwa wingi mwaka 1930 na kondoo wakawa wanatupa mimba. Daubney, Hudson na Garnham walichapisha taarifa yao mwaka uliofuata. Kiko katika jenasi ya Phlebovirus, familia ya Phenuiviridae.

Watu hukiweka kapu moja na dengi na chikungunya kwa kuwa vyote ni virusi vya RNA vya mbu. Kwa upande wa vinasaba havifanani hata kidogo. Dengi na chikungunya zina uzi mmoja wa RNA ambao seli inaweza kuusoma moja kwa moja. Hiki kina vipande vitatu, na seli haiwezi kuvisoma mpaka kwanza vinakiliwe.

Jenomu yake, yaani vinasaba vyake vyote, imepangwaje?

Vipande vitatu vimepewa herufi kulingana na ukubwa: L, M na S. Cha L kina herufi za RNA kama 6,400, cha M kama 3,900, na cha S kama 1,700. Ukijumlisha unapata takribani 12,000. Jenomu ya binadamu ina zaidi ya bilioni tatu. Kwa herufi hizo chache kirusi kinaua mwanakondoo aliyezaliwa leo kabla jua la keshokutwa halijachwa.

L ina jeni moja tu, ya kimeng'enya kinachonakili RNA. M inatoa protini mbili za juu ya ganda, Gn na Gc, ambazo ndizo hushika seli na kuifungua. Inatoa pia NSm na protini moja kubwa inayoitwa P78. Hizi zote zinatoka kwenye mstari uleule. Tofauti ni mahali ribosomu, mtambo wa seli wa kutengeneza protini, inapoanzia kusoma, kwani kuna vianzio kadhaa vilivyofuatana karibu karibu.

S ndiyo ninayoipenda kuifundisha. Ina jeni mbili zinazotazamana: N, protini inayofunika RNA yote, na NSs, ambayo tutaijadili chini. Mwanafunzi anayebana matumizi huandika Hisabati mbele ya daftari, kisha hulipindua na kuandika Jiografia kuanzia nyuma. Kipande cha S kimeandikwa hivyo. Ili kupata N, kimeng'enya kinasoma RNA iliyoingia na kirusi. Ili kupata NSs, kinasoma nakala yake iliyopinduliwa. Kirusi kimejihami kidogo hapa, maana ndani ya ganda hubebwa pia nakala chache zilizokwisha kupinduliwa, hivyo NSs huanza kutengenezwa mapema sana baada ya seli kuambukizwa.

Jambo la mwisho, na ni la manufaa maabara: ncha za vipande vyote vitatu zinafanana. Upande mmoja zinaanza na ACACAAAG na upande wa pili ziko kinyume chake, kwa hiyo ncha mbili hushikana na kufanya mpini. Kimeng'enya hutambua mpini huo. Nasi tunautumia, kwa sababu praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) moja iliyotungwa kwa ncha hizo inaweza kushika vipande vyote.

Ina maana RNA yake peke yake haiambukizi?

Ndiyo. Ukichuja RNA safi ya chikungunya na kuiingiza kwenye seli, utapata kirusi. Ukifanya hivyo na hiki, hupati kitu. Ni lazima RNA iingie ikiwa imevikwa N na kuambatana na kimeng'enya cha L. Tofauti hii ndogo ilichelewesha utafiti wa kundi zima kwa miaka mingi, kama utakavyoona chini.

Kimeng'enya cha L kinaanzaje kuandika?

Kwa kuiba. Ujumbe wowote wa RNA unaotaka kusomwa na ribosomu unahitaji kofia ya kikemikali kichwani, na kirusi hakina uwezo wa kuitengeneza. Hivyo L hukata kofia ya ujumbe wa seli pamoja na herufi kumi na kitu zinazoifuata, kisha huendeleza maneno yake hapo. Ndiyo sababu ukisoma ujumbe wa kirusi unakuta mwanzoni herufi za mwenyeji. Mwanafunzi asiyejua hili hudhani sampuli imechafuka.

Kwa nini kila makala inazungumzia NSs?

Kwa sababu ndiyo inayoamua kama mnyama atapona au atakufa.

Kirusi hiki huzaliana kwenye saitoplazimu, nje ya kiini cha seli. Lakini NSs huingia ndani ya kiini na kujipanga kuwa nyuzi ndefu ambazo ukizipaka rangi zinaonekana vizuri kwenye hadubini, utadhani mtu amechora mistari kwa makusudi. Kwa miaka mingi haikueleweka kirusi cha saitoplazimu kinatafuta nini huko. Jibu lilianza kupatikana miaka ya 2000. NSs hukamata sehemu za TFIIH, mkusanyiko wa protini ambao seli inauhitaji ili kuandika jeni zake, na sehemu nyingine ya mkusanyiko huohuo husababisha ibomolewe. Pia inafunga jeni ya intaferoni, ile inayotoa king'ora kwa seli jirani. Juu ya hayo inaangamiza PKR, mlinzi ambaye kazi yake ni kusimamisha utengenezaji wa protini pindi RNA ngeni inapoonekana.

Kwa ufupi seli inazibwa mdomo na mikono ikafungwa. Ukiondoa NSs, kirusi bado kinaishi na kuzaliana, lakini mnyama mwenye kinga nzima anakimudu.

Kama ni muhimu hivyo, mbona maabara hupotea?

Swali zuri kuliko linavyoonekana. Kirusi kikikuzwa tena na tena katika aina moja ya seli, za mnyama peke yake au za mbu peke yake, vinaibuka virusi vilivyofutika sehemu ya NSs. Kikizungushwa kwa zamu, seli za mbu halafu za mnyama halafu za mbu, NSs inabaki. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2011, na kwangu mimi ndilo linaloeleza vizuri kuliko yote maisha ya kirusi hiki. Kinachoilinda jeni hiyo ni safari yenyewe ya kutoka kwa mbu kwenda kwa mnyama na kurudi.

Funzo la kazi: ukiletewa kirusi "cha asili" kutoka kwenye friji ya mtu, uliza kimepitishwa seli gani na mara ngapi. Kisha soma S yake kabla hujakitumia.

Kinabadilika haraka kama mafua au UVIKO-19?

Hapana, na hili huwashangaza wengi. Kimeng'enya chake hakihakiki makosa, kama ilivyo kwa virusi vingi vya RNA, kwa hiyo ungetegemea mabadiliko tele. Lakini jenomu kamili 33 zilipolinganishwa mwaka 2007, zikiwa za miongo kadhaa na pembe mbalimbali za Afrika pamoja na Saudi Arabia, tofauti ya herufi ilikuwa asilimia 4 au 5 tu, na ya asidi amino, yaani matofali ya protini, asilimia 1 au 2. Kasi iliyokadiriwa ni mabadiliko kama 3 kwa mwaka katika herufi zote 12,000.

Sababu mbili zinatajwa. Ya kwanza ni hiyo ya kuhudumia mabwana wawili: badiliko linalomfaa mbu linaweza kukiponza kirusi kwa mbuzi, hivyo linafutika. Ya pili ni kwamba kirusi hulala. Mwaka 1985 wachunguzi nchini Kenya waliripoti kukipata katika mbu wa jamii ya Aedes waliokuzwa kutokana na viluwiluwi vilivyokusanywa kwenye mbuga iliyofurika. Mbu hao walikuwa hawajamuuma mnyama yeyote, kwa hiyo waliambukizwa na mama zao kupitia mayai. Mayai hayo huweza kukaa kwenye udongo mkavu miaka, na kirusi kilicholala hakinakiliwi, wala kisichonakiliwa hakikosei.

Kwa hesabu hizohizo, babu wa pamoja wa virusi vyote vilivyopimwa alikadiriwa kuishi mwishoni mwa karne ya 19. Wapo wanaolihusisha jambo hilo na wakoloni kuingiza kondoo na ng'ombe wa Kizungu, wanyama ambao hawakuwa na uzoefu wowote na ugonjwa wa hapa. Linaingia akilini. Lakini kutoka tarehe ya kukadiria hadi chanzo halisi kuna umbali.

Kuchanganyika kwa vipande ni nini?

Virusi viwili vya nasaba tofauti vikiingia seli moja, vinaweza kutoa mtoto mwenye L ya huyu na M ya yule. Hutokea kweli porini. Mlipuko wa Kenya wa 2006 na 2007 ulipochunguzwa, zilionekana nasaba zaidi ya moja zikizunguka kwa wakati mmoja, pamoja na dalili za vipande kubadilishana.

Kirusi hiki, tofauti na mafua, hakijali sana kufunga mzigo. Kazi iliyochapishwa mwaka 2016, ambamo kila kipande kilipakwa rangi yake ndani ya ganda moja moja, ilionyesha kuwa maganda mengi hayana seti kamili. Moja lina M mbili na halina S, jingine lina L peke yake. Maambukizi huendelea kwa sababu maganda kadhaa huingia seli moja na kujazana pengo. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba kirusi kimoja ni jenomu moja inabidi afikiri upya.

Sasa angalia hatari yake. Mwaka 2010 Afrika Kusini ilikuwa katikati ya mlipuko na mifugo ilikuwa ikichanjwa kwa chanjo hai, yenye kirusi kilichodhoofishwa. Kutoka kwa mgonjwa mmoja aliyejichoma sindano wakati wa kuchanja, kilipatikana kirusi chenye mchanganyiko wa vipande vya chanjo ya Smithburn na vya kirusi cha porini. Ndiyo maana maafisa mifugo husisitiza mifugo ichanjwe kabla ya mvua, na sindano moja isizungushwe kundi zima wakati ugonjwa tayari umeingia.

Vinasaba vinaweza kusema mlipuko ulikotoka?

Mara nyingine kwa uwazi wa kutisha. Septemba 2000 ugonjwa ulizuka Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuthibitishwa nje ya Afrika. Virusi vya huko vilikuwa karibu pacha wa vile vya Afrika Mashariki vya 1997 na 1998, wakati wa mvua za El Niño zilizoitesa Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, na kusini mwa Somalia. Ukijua biashara ya mifugo hai inavyovuka Bahari ya Shamu, ushahidi huo unatosha kuonyesha uelekeo.

Mara nyingine havisemi kitu. Mwaka 2007 ugonjwa ulipoingia Tanzania, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 264 na vifo 109, Dodoma ikiumia zaidi. Je, kirusi kilishuka kutoka Kenya na mifugo, au kiliamka palepale kwenye mayai ya mbu? Kirusi kinachobadilika herufi 3 kwa mwaka hakiachi nyayo nyingi katika miezi michache. Hapo jenomu peke yake haitoshi. Unahitaji vibali vya usafirishaji, tarehe za mvua, na mazungumzo na wafugaji.

Leo nasaba zimegawanywa kuanzia A hadi O, makundi 15, kwa kutumia sehemu fupi ya jeni ya Gn. Nasaba C ndiyo iliyosambaa sana. Mgawanyo huu unafaa kwa haraka, ila usisahau kwamba unatazama M pekee. Kirusi kilichochanganya vipande kitakudanganya mchana kweupe.

Mnabadilishaje jeni za kirusi makusudi?

Kwa kukijenga upya kutoka plasmidi, yaani viduara vidogo vya DNA. Unanakili kila kipande kuwa DNA, unakibadilisha unavyotaka, kisha unaingiza plasmidi zote kwenye seli pamoja na nyingine zinazotoa N na L, kwa sababu ile ya juu kwamba RNA peke yake haianzi. Aliyefungua njia kwa virusi vya vipande vya namna hii ni kirusi cha Bunyamwera, kilichogunduliwa Uganda mwaka 1943. Mwaka 1996 Bridgen na Elliott walikiunda chote kutoka DNA. Cha Bonde la Ufa kilifuata mwaka 2006.

Kabla ya kufika huko watu walitumia, na bado tunatumia, jenomu ndogo ya bandia. Unachukua ncha mbili za kipande, katikati unaondoa jeni za kirusi na kuweka jeni ya kimeng'enya cha kimulimuli. L na N zikifanya kazi, seli zinatoa mwanga. Ukiharibu herufi moja kwenye mpini, mwanga unaweza kuzimika. Uzuri wake ni kwamba hakuna kirusi chochote kinachozaliwa, hivyo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuifanya mezani kwenye maabara ya kawaida.

Na kirusi kizima?

Kirusi cha porini kinashughulikiwa maabara ya usalama ngazi ya 3 au zaidi, na wafanyakazi wa utafiti nchini Marekani wamekuwa na masharti makali zaidi kwa kuwa kimo kwenye orodha ya vimelea vinavyodhibitiwa. MP-12, aina iliyodhoofishwa, imeondolewa kwenye orodha hiyo na ndiyo inayofanyiwa kazi nyingi za jeni. Kosa linalofanyika ni kuchukua matokeo ya MP-12 na kuyasema kana kwamba ni ya kirusi cha porini. MP-12 ina mabadiliko kwenye vipande vyote vitatu.

Chanjo zilizopo zinatofautianaje kijenetiki?

Smithburn ndiyo mzee wao. Kirusi chake kilitoka kwa mbu wa msitu wa Semliki, magharibi mwa Uganda, mwaka 1944, kikapitishwa tena na tena kwenye ubongo wa panya mpaka kikapungua makali. Ni nafuu na dozi moja inatosha, lakini inaweza kumtupisha mimba kondoo. Mfugaji aliyeona hilo mara moja hatakusikiliza tena.

MP-12 ilitoka kwa mgonjwa wa Misri wa 1977, kirusi chake kikipitishwa mara 12 pamoja na dawa inayoongeza makosa ya kunakili. Clone 13 ni ya asili. Ilipatikana kutoka kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati aliyeugua kidogo tu, na asilimia 69 ya NSs yake imekatika. Kipande kilichopotea hakirudi kirahisi kama herufi moja iliyobadilika, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Afrika Kusini imekuwa ikiitumia tangu 2010.

Waholanzi wa mji wa Wageningen walikuja na wazo jingine: waligawa M mara mbili, Gn huku na Gc kule, wakaondoa NSs, wakapata kirusi cha vipande vinne. Kinaishi, ila kimedhoofika sana. Kisha kuna ChAdOx1 RVF, iliyoongozwa na Mkenya George Warimwe wa kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, Kilifi, akishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford. Hiyo haina kirusi cha ugonjwa kabisa. Ni adenovirusi ya sokwe iliyobebeshwa jeni za Gn na Gc, na imeanza kujaribiwa kwa watu Uingereza, kisha Uganda.

Kwa kuwa Gn na Gc hazitofautiani sana kati ya nasaba, chanjo iliyotungwa kwa kirusi cha nchi moja inatarajiwa kufaa kwingine. Watu wa mafua wangetuonea wivu.

Sampuli nzuri ya kusoma jenomu ni ipi?

Ini la mwana aliyetupwa, likichukuliwa asubuhi ileile. Kirusi hujaa kwenye ini kuliko mahali pengine, na kwa macho utaliona limegeuka rangi ya manjano-kahawia, laini, lenye madoa madogo ya tishu iliyokufa. Vaa glavu mbili, barakoa na miwani. Usipasue mzoga peke yako wala bila mafunzo. Kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi kinatosha, kitumbukizwe moja kwa moja kwenye dawa ya kuhifadhi RNA. Ukikitia kwenye mfuko wa plastiki na kukiacha kwenye boneti la gari kwenye joto la Ijara, Garissa, hadi jioni, PCR (kipimo kinachozidisha vinasaba mpaka vionekane) huenda ikatoa jibu lakini jenomu haitatoka nzima.

Damu ya mnyama mwenye homa nayo inafaa, ila dirisha lake ni dogo. Siku chache tu kirusi kinatoweka na kinachobaki ni kingamwili, ambazo hazina herufi za kusoma.

Maabarani RNA inageuzwa DNA, kisha inaongezwa kwa praima nyingi zinazopandana kama vigae, halafu inaingizwa kwenye mashine. MinION, mashine ndogo ya kusoma vinasaba, inaingia mfukoni na inafanya kazi na kompyuta ya mkononi, jambo lililobadilisha kabisa nani anaweza kusoma jenomu na wapi. PCR ikionyesha namba ya mzunguko iliyozidi 30, yaani kirusi ni kidogo kwenye sampuli, mimi husita kupoteza vitendanishi.

Nikichemsha maziwa na kupika nyama niko salama?

Ndiyo, joto hukiua. Hatari kubwa iko kwenye kuchinja, kuchuna na kumzalisha mnyama mgonjwa. Maambukizi kutoka mtu hadi mtu hayajawahi kuthibitishwa.

Naweza kusomea wapi kazi hii?

Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, Makerere na Nairobi vina watu wanaoijua, na utafiti wenyewe unaendelea kwenye taasisi za utafiti: ILRI (ya mifugo) Nairobi, KEMRI (ya tiba) Kenya na UVRI (ya virusi) Entebbe. Ushauri wangu ni kujifunza uchambuzi wa data kabla ya pipeti. Wenye mikono mizuri maabara tunao, wanaoweza kuchora mti wa nasaba na kujua lini usiuamini ni wachache.

Jenomu zilizokwisha kusomwa ziko wapi?

GenBank, hifadhi ya vinasaba mtandaoni, bure. Pakua vipande vitatu vya kila kirusi, na hakikisha ni vya kirusi kimoja kweli, kwa sababu rekodi nyingi zina S pekee au kipande cha M pekee. Tazama tarehe, nchi na mnyama aliyetoa sampuli. Zisipoandikwa, iache rekodi hiyo nje ya mti wako. Na kabla ya kutangaza nasaba mpya, linganisha ulichopata na Smithburn, Clone 13 na MP-12. Mara kadhaa "nasaba mpya" huwa ni chanjo iliyopita wilayani wiki mbili kabla.